Teen Darwaza, Buland Darwaza au Gateway of India: Lango Lipi la Kuzuru kwa Mwenye Siku Moja India?

Msafiri wa Afrika Mashariki anayekwenda India mara nyingi huenda kwa shughuli isiyoahirishika: kumsindikiza mgonjwa, kumpeleka mtoto chuoni, au kufuata bidhaa. Siku ya kutembea, ikipatikana, huwa moja, na kwa nchi kubwa kama ile siku moja inadai uchaguzi wa makini. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya msafiri wa namna hiyo, anayependa majengo ya kale na ambaye angetaka kuona walau lango moja lililosimamishwa kwa fahari ya kifalme. Malango ninayoyalinganisha ni Teen Darwaza la mji wa kale wa Ahmedabad, Buland Darwaza la Fatehpur Sikri karibu na Agra, na Gateway of India la Mumbai.

Sikuyaokota ovyo malango haya. Yote matatu yamefungamana na historia ya Gujarat, jimbo ambalo wafanyabiashara wake wamekuwa wakija pwani yetu kwa karne nyingi. La kwanza lilijengwa na sultani wa Gujarat mwenyewe; la pili linahusishwa na ushindi wa mfalme aliyeunyakua usultani huo; la tatu lilibuniwa na msanifu majengo kutoka Uskoti aliyeazima mtindo wa Gujarat ya karne ya 16. Niseme mapema ninakoegemea: aliye na siku moja na uhuru wa kuchagua mji, aende Ahmedabad. Hata hivyo, wengi hawana uhuru huo, na wapo wasafiri ambao kwao lango jingine lingefaa zaidi. Hao pia nitawafikia.

Teen Darwaza: lango ambalo watu bado wanalipita

Ahmedabad ilianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah wa Kwanza kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati. Kando ya mto alijenga ngome ya Bhadra, na mbele ya ngome akaacha uwanja mpana wa kifalme ulioitwa Maidan Shah. Teen Darwaza, lililokamilika karibu na mwaka 1415, ndilo lililokuwa lango la kuingilia uwanja huo kutoka upande wa mashariki. Kwa hiyo anayetarajia lango la ukuta wa mji, lenye milango ya mbao na misumari ya chuma ya kuzuia tembo wa vita, atalikuta jambo la namna nyingine kabisa. Hapa palikuwa mahali pa misafara. Sultani alipotoka ngomeni kuelekea Msikiti wa Ijumaa, ambao ulikamilika mwaka 1424 na umesimama hadi leo umbali wa dakika chache kwa miguu, njia yake ilipita chini ya matao haya.

Matao yenyewe ni matatu, yamepangana sambamba. La katikati lina upana wa futi 17 hivi, sawa na mita tano na kidogo, na yale ya pembeni yana futi 13 kila moja; kimo chake ni kama futi 25. Vipimo hivi ni vya wastani, na ninavitaja makusudi, kwa sababu anayefika akiwa na picha ya majengo makubwa ya Wamughal, ukoo wa kifalme wa Kiislamu uliotawala India baadaye, akilini anaweza kulipita Teen Darwaza bila kulitambua. Thamani yake imo katika uwiano wa matao na katika nakshi. Nguzo zinazoyatenga matao zimeegemezwa mihimili ya mviringo iliyochongwa tabaka juu ya tabaka, kwa mkono uleule uliokuwa ukichonga mahekalu ya Gujarat kabla ya kuja kwa masultani. Ahmad Shah aliagiza jengo la Kiislamu, mafundi wa mahali pale wakalijenga kwa ufundi waliourithi kwa baba zao, na mchanganyiko huo ukawa ndio mtindo unaoitambulisha Ahmedabad. Ukitaka kuuelewa, simama upande wa mashariki, ulitazame tao la katikati kwanza, kisha uzifuate nakshi za nguzo kutoka chini kwenda juu.

Mjerumani Mandelslo, aliyefika Ahmedabad mwaka 1638, aliusifu uwanja uliokuwa nyuma ya lango hili kwa ukubwa wake na kwa safu za mitende, milimau na michungwa iliyouzunguka. Miti hiyo haipo tena. Sehemu kubwa ya uwanja imegeuka soko, na ni katika soko hilo ndipo lango linapoishi maisha yake ya sasa. Wauzaji wa nguo, viatu, mikoba na vyombo vya plastiki wamejipanga hadi miguuni mwa nguzo. Pikipiki na mikokoteni hupenya matao. Wanawake wenye mizigo ya ununuzi hupumzika kivulini mwake. Wapo wageni wanaolalamika kwamba msongamano huo unalidhalilisha jengo. Nayaelewa malalamiko yao, hasa inapokuja suala la moshi na mabango, lakini mimi naona kinyume: kwa zaidi ya miaka 600 watu wamelipita lango hili kwenda kutafuta riziki, na jengo la kale linalotumika kwa kazi iliyokusudiwa ni nadra kuliko jengo kubwa.

Kuna mambo mawili ndani ya Teen Darwaza ambayo hayaonekani kwa mtu anayepita haraka, na kwangu mimi ndiyo yanayoliweka mbele ya wenzake.

La kwanza ni bamba lenye maandishi kwa hati ya Devanagari, inayotumiwa kuandika Kihindi, la Oktoba 1812. Wakati huo Ahmedabad ilikuwa chini ya Wamaratha, watawala wa Kihindu, na liwali wao, Chimnaji Raghunath, aliamuru kwamba binti apewe fungu lake katika mali ya baba bila pingamizi. Amri hiyo iliwaonya Wahindu kwamba mkaidi atajibu mbele ya mungu Mahadev, na Waislamu kwamba mkaidi atajibu mbele ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Tuitazame tarehe hiyo kwa makini. Bunge la India lilirekebisha sheria ya mirathi ya Wahindu mwaka 2005 ili binti awe na haki sawa na mwana wa kiume katika mali ya pamoja ya ukoo. Amri iliyobandikwa langoni ililitangulia bunge kwa karibu miaka 200. Sidai kwamba amri ilitekelezwa kwa ukamilifu, maana kutangaza ni jambo moja na kutekeleza ni jingine. Lakini liwali alichagua mahali ambapo kila mtu, mnunuzi na muuzaji, bibi na bwana, angepita, na maneno yake yangali pale. Kwa wasomaji wanaotoka katika familia ambazo mgawanyo wa shamba au nyumba ya marehemu huwaacha mabinti mikono mitupu, nadhani bamba hili linastahili safari kwa lenyewe.

La pili ni taa. Katika mojawapo ya vishubaka vya lango huwashwa taa ya mafuta, na kwa mujibu wa mapokeo ya mji imekuwa ikitunzwa na familia ya Kiislamu kizazi baada ya kizazi. Hadithi yake inasema kwamba Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri kwa Wahindu, alifika langoni usiku akitaka kuuhama mji. Mlinzi mkuu, Khwaja Siddique, alimwomba asubiri hadi atakapomletea ruhusa ya Sultani. Akaenda kwa Sultani, na huko akautoa uhai wake ili asirudi tena, na Lakshmi, aliyefungwa na ahadi ya kungoja, akabaki. Ni hadithi, na ichukuliwe hivyo. Taa ni ya kweli, na Mwislamu anayeitunza kwa heshima ya kisa cha mungu wa Kihindu ni jambo la kweli pia, katika mji ambao umewahi kuumizwa na ghasia za kidini.

Hatuwezi kuondoka Ahmedabad bila kutaja Msikiti wa Sidi Saiyyed, ulio ng'ambo ya pili ya ngome ya Bhadra, mwendo mfupi kutoka Teen Darwaza. Ulijengwa mwaka 1572 na 1573 na Sidi Saiyyed, Mhabeshi mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mfuasi wa jemadari mmoja wa sultani wa mwisho wa Gujarat. Madirisha yake ya mawe, yaliyotobolewa kama kimia, yanaonyesha mti ambao matawi yake yanajipinda na kusukana hadi macho hayajui yaanzie wapi. Sijui kazi ya jiwe nyororo kuliko ile. Kwamba alama inayotambulika zaidi ya mji huo wa India imeachwa na mtu wa Afrika ni habari ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni, na atakayechagua Teen Darwaza anaipata siku hiyohiyo bila gharama ya ziada.

Kuhusu utaratibu: lango liko barabarani, hakuna kiingilio. Asubuhi na mapema, kabla wachuuzi hawajatandika bidhaa zao, ndio wakati wa kuliona jiwe. Jioni ndio wakati wa kuwaona watu. Manispaa ya Ahmedabad huendesha matembezi ya asubuhi ya mji wa kale yanayoanzia hekalu la Swaminarayan la Kalupur na kuishia Msikiti wa Ijumaa, na kutoka hapo lango ni la kutembea tu. Metro inaingia mji wa kale kwa chini ya ardhi, na bajaji zipo kila kona. Mwaka 2017 mji wa kale wote uliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia, wa kwanza kupata hadhi hiyo kama mji nchini India.

Buland Darwaza: lango la mshindi

Mwaka uleule wa 1572 ambao Sidi Saiyyed alikuwa akijenga msikiti wake, mfalme Akbar wa Wamughal aliingia Gujarat na kuukomesha usultani. Maasi yalipozuka mwaka uliofuata, alirudi kutoka Fatehpur Sikri kwa mwendo wa kasi ulioshangaza hata wanahistoria wake, akawapiga waasi karibu na Ahmedabad. Buland Darwaza, katika simulizi inayokubaliwa na wengi, ni ukumbusho wa ushindi huo. Mara nyingi hutajwa kuwa lilijengwa katikati ya miaka ya 1570, ingawa maandishi yake ya mwaka 1601 yanazungumzia kurejea kwa Akbar kutoka vita vya Deccan, kusini mwa India, na kwa hiyo suala la tarehe halijafungwa.

Kwa ukubwa halina mpinzani katika ulinganisho huu. Limesimama upande wa kusini wa msikiti mkuu wa Fatehpur Sikri, juu ya ngazi ndefu ya vidato 42, na kilele chake kiko mita 54 hivi juu ya ardhi iliyo chini ya ngazi. Limejengwa kwa mawe ya mchanga mekundu na ya rangi ya manjano hafifu, yakapambwa kwa marumaru nyeupe na nyeusi. Mtu anayelitazama kutoka chini hujiona mdogo, na hilo ndilo lililokusudiwa. Wageni wengi hukosea hapa: huingia msikitini kupitia lango la mashariki, Badshahi Darwaza, ambalo liko karibu na kasri, huliona Buland Darwaza kwa ndani ambako limepunguzwa ili lilingane na ua, kisha huondoka wakidhani wameliona. Sharti mtu atoke nje, ashuke ngazi zote, ageuke.

Katikati ya fahari hiyo, Akbar aliruhusu maandishi ya Kiajemi yanayomnukuu Nabii Isa, mwana wa Maryam, akisema kwamba dunia ni daraja: lipitwe, lakini pasijengwe nyumba juu yake. Maneno hayo yanagusa zaidi pale mtu anapokumbuka kwamba mji wenyewe wa Fatehpur Sikri uliachwa kuwa makao makuu mwaka 1585, baada ya muda usiozidi kizazi kimoja. Ndani ya ua kuna kaburi la marumaru nyeupe la Sheikh Salim Chishti, walii aliyemwombea Akbar apate mrithi. Wanaozuru hufunga nyuzi kwenye madirisha yake ya kimia wakiweka nadhiri. Wanahistoria wa sanaa huona mkono wa mafundi wa Gujarat katika kaburi hilo, yaani nchi iliyoshindwa ilimfuata mshindi hadi nyumbani kwake kwa ufundi wake.

Kwenye eneo la msikiti na kaburi hakuna kiingilio, ila kasri lililo jirani lina tiketi yake. Viatu huvuliwa, na kati ya Aprili na Juni sakafu ya jiwe huunguza nyayo, basi soksi nene zinafaa. Jambo la kuudhi ni madalali: wapo wanaojitambulisha kuwa waongozaji au wahudumu wa kaburi na kumshinikiza mgeni anunue shuka la kufunika kaburi kwa bei isiyo na kiasi. Wakatae kwa upole, bila kusimama. Fatehpur Sikri iko kama kilomita 40 kutoka Agra, na mabasi na teksi zipo za kutosha.

Nikiyaweka malango haya mawili uso kwa uso, tofauti kubwa imo katika nani anayezungumza. Buland Darwaza linazungumza kwa sauti ya mfalme, mara moja, na limemaliza; mgeni anachukua picha yake ya kustaajabisha na hana la kuuliza tena. Teen Darwaza lilianza kwa sauti ya mfalme, lakini baadaye liwali akaongeza amri yake, familia ikaongeza taa yake, wachuuzi wakaongeza meza zao. Anayetaka kustaajabu kwa saa moja achague Buland Darwaza. Anayetaka kuelewa jinsi mji wa India unavyoishi na kale yake achague Teen Darwaza, na ajiandae kuvumilia kelele.

Gateway of India: kwa aliyekwama Mumbai

Hili nitalipitia kwa ufupi, kwa kuwa ni changa na kwa kuwa mgeni wa Mumbai atalikuta hata asipolitafuta. Lilikusudiwa kuadhimisha ziara ya mfalme George wa Tano na malkia Mary mwaka 1911, lakini jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1913 na lango likafunguliwa Desemba 1924. George Wittet alilibuni kwa basalti ya rangi ya manjano na zege, likiwa na kimo cha mita 26 hivi, na matao yake yamefuata mtindo wa Gujarat niliokwisha kuutaja. Historia ililigeuzia maana: Februari 1948 kikosi cha mwisho cha wanajeshi wa Uingereza kiliondoka India kwa kupita chini yake kuelekea melini. Kwa sisi tuliotawaliwa na dola hiyohiyo, huo ndio wakati wa kulikumbukia.

Kama jengo, linanivutia kidogo kuliko mengine. Nakshi zake ni safi mno, na hakuna anayelipita kwenda popote. Watu hulizunguka na kupiga picha. Faida yake ni wepesi. Ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam hutua Mumbai, hakuna kiingilio isipokuwa ukaguzi wa mikoba, na mahali ni tambarare, mbele ya bahari. Boti za kwenda mapango ya Elephanta huondokea hapo, isipokuwa Jumatatu ambapo mapango hufungwa. Majira ya mvua, kati ya Juni na Septemba, safari hizo hutegemea hali ya bahari.

Nani achague lipi

Anayemuuguza ndugu katika hospitali ya Mumbai asijisumbue kutafuta zaidi: Gateway of India linamtosha kwa alasiri moja, na mgonjwa aliyepata nafuu anaweza kuandamana naye. Aliye Delhi kwa shughuli zake aende Fatehpur Sikri kupitia Agra, maana treni za kasi hufika Agra kwa muda wa chini ya saa mbili, na kuisafiria Ahmedabad kutoka huko kwa siku moja ni kujichosha. Mzee au mwenye magoti mabovu aepuke ngazi za Buland Darwaza. Anaweza kuingia kwa lango la mashariki na kuridhika na ua na kaburi. Mwanafunzi wa usanifu majengo, mwalimu wa historia, na mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye Gujarat ni njia yake hata hivyo, waende Ahmedabad bila kusita. Kwa msafiri wa Mumbai mwenye siku mbili, Ahmedabad iko umbali wa takriban kilomita 500 kwa reli, na treni za haraka zinaondoka asubuhi.

Kwa wote, Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya kufaa. Joto la Ahmedabad na Agra mwezi Mei huvuka nyuzi 40, na mgeni wa pwani aliyezoea upepo wa bahari asijidanganye kwamba analijua joto hilo. Agra ina tatizo lake la ukungu mwezi Desemba na Januari, unaochelewesha treni, kwa hiyo mwenye tiketi ya ndege ya siku hiyohiyo aache nafasi.

Atakayejaliwa kuyaona Teen Darwaza na Buland Darwaza katika safari moja, ningemshauri aanze na Ahmedabad. Akiisha kuziona nakshi za mji ulioshindwa, lango la mshindi litamwambia zaidi, na kaburi la Sheikh Salim Chishti litamkumbusha madirisha ya Sidi Saiyyed. Akifika Agra, aiweke Fatehpur Sikri siku ya Ijumaa, kwa sababu siku hiyo Taj Mahal hufungwa kwa wageni wa kawaida, lakini awahi asubuhi, amalize kuzunguka kabla ua wa msikiti haujaanza kujaa waumini wa swala ya mchana.